Nani Amemroga? Kijiji cha Wafore katika Nyanda za Juu za Papua na Historia ya Ugonjwa wa Kuru

1. Utangulizi

Wanafunzi wa historia ya Kanisa katika vyuo vyetu wamezoea kusoma habari za misioni ya Kilutheri kana kwamba ilianzia Usambara na Kilimanjaro na kuishia Bukoba na nchi ya Wanyakyusa. Ni mara chache tunakumbuka kwamba katika miaka ile ile, upande wa pili wa bahari, wajumbe wa Injili kutoka Ujerumani walikuwa wakijenga Kanisa jingine lililo ndugu wa damu wa Kanisa letu. Mwaka 1884 Ujerumani ilitwaa sehemu ya kaskazini mashariki ya kisiwa cha New Guinea. Mwaka uliofuata ikatangaza ulinzi wake juu ya Afrika Mashariki. Johannes Flierl wa misioni ya Neuendettelsau alifika pwani ya Finschhafen mwezi Julai 1886. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi zote mbili ziliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, Tanganyika mikononi mwa Uingereza na New Guinea mikononi mwa Australia.

Katika makala hii tunakusudia kuitazama sehemu moja tu ya nchi ile, yaani vijiji vya Wafore katika wilaya ya Okapa, Mkoa wa Nyanda za Juu Mashariki. Sababu yetu ya kuwachagua si ugeni wa desturi zao. Wafore walipatwa na msiba ambao mataifa mengine hayajapata kuuona, ugonjwa uitwao kuru. Katika msiba huo waliuliza swali lile ambalo kila mchungaji msomaji wa jarida hili amelisikia katika nyumba ya matanga: Nani amemroga? Namna swali hilo lilivyoulizwa, lilivyojibiwa, na gharama ya majibu yake ni historia inayolihusu Kanisa popote lilipo.

2. Nchi na maisha ya kijiji

Hadi miaka ya 1930 watu wa nje walidhani kwamba milima ya katikati ya New Guinea haikaliwi na watu. Mwaka 1933 ndugu wa Leahy, watafutaji wa dhahabu, pamoja na ofisa wa serikali James Taylor, waliingia katika bonde la Wahgi, wakakuta mashamba yaliyopangwa vizuri na watu wengi ajabu. Baadaye ilifahamika kwamba nyanda hizo zilikuwa na wakazi wapatao milioni moja. Kilimo chao si cha jana. Katika kinamasi cha Kuk, karibu na Mount Hagen, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifereji na alama za mashamba za maelfu ya miaka iliyopita, na mwaka 2008 mahali hapo paliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo yeyote anayewaita watu hawa washenzi wasiojua kitu amekosea tangu mwanzo. Walikuwa wakulima hodari muda mrefu kabla ya mataifa mengi ya Ulaya kulima.

Wafore wanakaa kusini mwa mji wa Goroka, katika milima yenye misitu na mabonde makali. Katikati ya karne ya 20 idadi yao ilizidi kidogo watu 10,000. Chakula chao kikuu kilikuwa viazi vitamu, na pamoja navyo walilima magimbi, viazi vikuu, miwa, ndizi na mboga za majani. Wanaume walifyeka msitu na kujenga uzio wa kuzuia nguruwe; wanawake walipanda, wakapalilia, wakavuna, wakabeba mavuno katika mifuko ya nyuzi iliyosukwa mfano wa viondo vyetu, kamba yake ikipita juu ya paji la uso. Kabla ya shoka la chuma kuwafikia kwa njia ya biashara, walitumia shoka la jiwe. Chumvi waliipata kwa kuchoma mimea na kuchuja majivu yake.

Kijiji kilikuwa mkusanyiko wa vitongoji vidogo. Wanaume walilala katika nyumba yao kubwa, na mtoto wa kiume alipofikia umri wa kuhama alimwacha mama yake akaenda kulala huko ili afundishwe mambo ya kiume na ya vita. Wanawake walikaa katika nyumba ndogo pamoja na binti zao, watoto wachanga na nguruwe. Mpangilio huu wa nyumba mbili ni jambo dogo kwa anayepita njiani, lakini tutaona kwamba ndani yake ulikuwamo ufunguo wa msiba wote.

Nguruwe alikuwa mali, mahari, fidia na sadaka. Mwanamke alimlea kwa viazi vya shamba lake, hata alimbeba angali mdogo. Lakini aliyeamua achinjwe lini na nyama yake igawanywe kwa nani alikuwa mwanamume. Hapakuwa na mtemi wala mangi wa kurithi. Mtu alipata ukubwa kwa ufasaha wa maneno, kwa ushujaa, na kwa uwezo wa kukusanya na kugawa mali. Kila kitongoji kilikuwa na rafiki na adui zake, na rafiki wa mwaka huu aliweza kuwa adui wa mwaka ujao. Damu ililipwa kwa damu, au kwa nguruwe kama wazee walipatana. Mwanamke aliolewa nje ya ukoo wake, akaenda kukaa kwa watu wa mumewe. Kwa hiyo mara nyingi ndugu zake na wakwe zake walikuwa pande mbili za mpaka wa vita. Alipokufa, watu wa upande wa mama yake walidai malipo yao.

3. Ujio wa Injili milimani

Injili haikupandishwa milimani na Wazungu peke yao. Misioni ya Neuendettelsau ilikaa pwani miaka 13 kabla ya kubatiza watu wake wa kwanza, vijana wawili, mwaka 1899. Mwaka huo huo alifika Christian Keysser, ambaye baadaye alifanya kazi Sattelberg. Keysser alikataa kumchomoa mtu mmoja mmoja kutoka katika ukoo wake. Alisubiri hadi jamii nzima izungumze, ibishane, iamue kwa pamoja kuacha vita na uchawi. Ndipo ubatizo ulipofuata. Usharika uliozaliwa hivyo ulijiona wenyewe kuwa mtume, na tangu mwaka 1908 ulianza kutuma wainjilisti wake kwa makabila yaliyokuwa adui. Ni hao, watu wa pwani na wa milima ya Sattelberg, pamoja na wake zao na watoto wao, waliokwenda nyanda za juu kwa miguu, wakajenga nyumba katikati ya watu wasiojua lugha yao. Lugha ya Kikâte ikawa lugha ya shule na ya ibada kwa makabila mengi, kama Kiswahili kilivyokuwa kwetu.

Msomaji wa Bruno Gutmann atakuwa ameshamtambua ndugu yake Keysser. Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alifundisha kwamba Mungu humkuta mwanadamu ndani ya vifungo vyake vya asili, yaani ukoo, ujirani na rika, na kwamba usharika haujengwi kwa kuvivunja bali kwa kuvitakasa. Walimu wa misioni huko Ujerumani waliwasoma wote wawili pamoja. Tutarudi kwenye fundisho hilo mbele, maana Wafore wanatuonyesha nguvu zake na hatari yake.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa Tanganyika na New Guinea vilevile. Huko kama huku, kazi ilibaki mikononi mwa wenyeji. Baada ya vita wainjilisti waliendelea kuingia milimani, na katika miaka ya 1950 kituo cha Kilutheri cha Tarabo kilikuwa jirani na Wafore. Serikali ya Australia nayo ilianza kupeleka maofisa wa doria mwishoni mwa miaka ya 1940, ikafungua kituo Okapa katika miaka ya 1950. Wafore waliipokea amani haraka kuliko ilivyotazamiwa. Waliacha vita, wakalima barabara kwa mikono yao, wakapanda kahawa. Lakini wakati ule ule walipoweka mishale chini, wake zao walikuwa wakifa kwa makumi.

4. Ugonjwa wenyewe

Neno kuru kwa Kifore lina maana ya kutetemeka. Mapokeo ya wazee yaliyokusanywa katika miaka ya 1960 yanaonyesha kwamba ugonjwa ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa majirani wa upande wa kaskazini magharibi, ukawafikia Wafore katika miaka ya 1920. Mwanamke mzima wa afya huanza kuyumba anapotembea kwenye mteremko. Baada ya miezi michache anahitaji fimbo. Mikono inatetemeka, maneno yanakwama, na wakati mwingine kicheko kinamtoka bila furaha. Kisha hawezi kusimama, baadaye hawezi kukaa, na mwisho hawezi kumeza. Homa hana. Fahamu zake hubaki naye karibu hadi mwisho, hivyo anajua yanayompata na anajua mwisho wake. Kwa kawaida mauti humfikia katika muda wa mwaka mmoja. Hakuna aliyepona.

Kati ya mwaka 1957 na 1961 walikufa watu wapatao 200 kila mwaka katika eneo la kuru. Tangu mwaka 1957 jumla ya waliohesabiwa ilizidi 2,700. Waliokufa kwa wingi walikuwa wanawake wazima, wakifuatiwa na watoto wa kike na wa kiume; wanaume wazima walikuwa wachache. Katika baadhi ya vitongoji vya Wafore wa kusini walibaki wanaume wawili, hata watatu, kwa kila mwanamke mmoja. Tufikirie maana yake katika maisha ya kila siku. Mashamba yalikosa wa kuyapalilia, nguruwe wakakosa wa kuwalisha, na watoto wachanga wakakosa maziwa. Wanaume ambao kwa desturi hawakugusa kazi za jikoni walijifunza kupika na kulea wakiwa na umri mkubwa. Kijana hakuona mchumba, na mjane hakuona wa kumwoa tena. Taifa zima liliona kwamba linakwisha.

5. Jibu la kijiji: uchawi

Wafore hawakuwa na shaka juu ya chanzo. Kuru ilikuwa kazi ya mchawi. Walieleza hata namna ilivyofanyika: mchawi huiba kitu kilichogusa mwili wa mtu, kama mabaki ya chakula, nywele au kipande cha vazi, hukifunga kwa majani pamoja na vitu vya uchawi, akakizika mahali penye tope. Kadiri mzigo ule unavyooza, ndivyo mwili wa mgonjwa unavyotetemeka. Kwa hofu hiyo watu walificha mabaki yao kwa uangalifu mkubwa, na vyoo vyao vilitunzwa vizuri kuliko vya majirani.

Jambo la kuangalia ni kwamba kwa Wafore mchawi alidhaniwa kuwa mwanamume, na kwa kawaida wa kitongoji kingine. Waganga waliitwa waague. Dalili zikielekea upande fulani, ndugu wa mgonjwa walidai mzigo ule ufukuliwe; na mgonjwa alipokufa, mtuhumiwa aliweza kuviziwa njiani na kuuawa. Hivyo kila kifo cha mwanamke kilizaa hatari ya kifo cha mwanamume, na kila kisasi kikathibitisha kwamba kweli kuna uadui. Sisi Waswahili tunayo methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo husemwa kwa mzaha; kwa Wafore ilitimia kwa damu.

Tusiharakishe kuwacheka. Fundisho la uchawi lilieleza mambo yote waliyoyaona: kwa nini huyu na si yule, kwa nini nyumba hii na si ile jirani. Kwa sababu lilieleza kila kitu, hapakuwa na ushahidi ambao ungeweza kulipinga. Mtuhumiwa alipokana, kukana kwake kulihesabiwa kuwa ujanja wa mchawi. Alipouawa na ugonjwa ukaendelea, ilisemwa kwamba wako wengine.

Hata hivyo kijiji hakikukosa hekima. Mwishoni mwa mwaka 1962 na katika mwaka 1963 Wafore waliitisha mikutano mikubwa ya hadhara, ambayo kwa lugha ya Tok Pisin iliitwa kibung. Makundi yaliyokuwa maadui yaliketi pamoja. Wasemaji wakubwa waliwasihi wachawi waungame na waache, maana wanawake wakiisha hapatakuwa tena na Wafore. Wanaume waliodhaniwa walisimama wakasema waliyowahi kufanya, au wakakana mbele ya watu wote. Mikutano hiyo haikumponya mgonjwa hata mmoja. Lakini ilizuia kisasi na kuyapa maombolezo mahali pa kusemwa pasipo mkuki, wakati serikali na matabibu hawakuwa na dawa yoyote ya kutoa.

6. Jibu la wataalamu

Mwaka 1957 daktari wa serikali Vincent Zigas na mwanasayansi Mmarekani Carleton Gajdusek walianza uchunguzi wa kuru na kuutangazia ulimwengu. Historia ya utafiti huo isomwe na wanafunzi wa theolojia, kwani inafundisha unyenyekevu. Wanaanthropolojia waliotangulia, Ronald na Catherine Berndt, walielekea kuuona ugonjwa kuwa tunda la hofu na mkazo wa nafsi. Baadaye wataalamu wengine walisema kwamba ni ugonjwa wa kurithiwa katika damu, kwa kuwa ulifuata jamaa. Na kwa sababu ya nadharia hiyo serikali iliweka vizuizi juu ya Wafore kutoka katika nchi yao. Hivyo dhana ya wasomi, kama ile ya waganga, iliwafunga watu wasio na hatia.

Mwaka 1959 daktari wa mifugo William Hadlow aliandika kwamba ubongo wa wagonjwa wa kuru unafanana na ule wa kondoo wenye ugonjwa fulani uliojulikana Ulaya kwa muda mrefu, ambao uliweza kuambukizwa kwa majaribio. Neno lake lilifungua njia. Lakini jaribio lilihitaji ubongo uliotunzwa mara baada ya kifo. Daktari kijana kutoka Australia, Michael Alpers, alikwenda kuishi kati ya Wafore, akajifunza desturi zao na kuketi na wagonjwa wao. Mwaka 1963 wazazi wa binti mmoja aliyekuwa akifa kwa kuru walimruhusu kuuchukua ubongo wa mtoto wao. Tunaomba wasomaji wasimame kidogo hapa. Watu walioamini kwamba kipande cha nywele mkononi mwa mgeni kinaweza kuua walimkabidhi mgeni kichwa cha mtoto wao, wakitumaini kwamba watoto wa wengine watapona. Kutokana na zawadi hiyo na nyingine za namna hiyo ilithibitika, katika taarifa ya mwaka 1966, kwamba kuru huambukizwa kwa sokwe. Gajdusek alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Wazazi wale hawakupewa kitu.

Lakini uliambukizwaje kati ya watu? Jibu lilipatikana hasa kwa Robert Glasse na Shirley Lindenbaum, walioishi na Wafore kati ya mwaka 1961 na 1963 wakisikiliza masimulizi ya wanawake na wazee. Zamani Wafore hawakuwazika wapendwa wao ardhini. Jamaa wa marehemu waliula mwili wake. Hawakufanya hivyo kwa njaa wala kwa ukatili wa vita. Walisema kwamba ni afadhali mpendwa akae ndani ya wanaompenda kuliko kuachwa aliwe na funza, na kwamba kwa njia hiyo roho yake husaidiwa kwenda kwa mababu. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na watoto waliokaa nao katika nyumba yao walishiriki. Wanaume wengi walijitenga nayo. Ndiyo sababu kifo kilifuata mpaka wa nyumba zile mbili tulizozitaja mwanzoni. Kiini cha ugonjwa, ambacho wataalamu wanakitambua leo kuwa protini iliyoharibika umbo na ambacho Stanley Prusiner alikiita prioni mwaka 1982, kilikaa katika ubongo na mishipa ya fahamu ya marehemu, kikaingia katika miili ya waliomlilia. Kisha kilijificha kwa miaka kumi, ishirini, hata zaidi ya hamsini.

Desturi hiyo ilikoma kufikia mwaka 1960 hivi, kwa sababu serikali na misioni ziliikataza. Hakuna mtu aliyezaliwa baada ya kukoma kwake aliyepata kuru. Vifo vilipungua kidogo kidogo, vikawa vichache sana, na mwanzoni mwa karne hii ugonjwa ukazimika.

7. Mafunzo kwa Kanisa

Kwanza, historia hii inatuzuia kujisifu. Ni kweli kwamba makatazo ya serikali na misioni yaliokoa maelfu. Lakini waliokataza hawakujua kwamba wanazuia ugonjwa. Walikataza kwa sababu jambo lile liliwachukiza. Tendo lilikuwa jema, sababu yake haikuwa elimu, na mara nyingi haikuwa upendo pia. Waliokatazwa walihisi kwamba wanalazimishwa kuwatupa wazazi wao shimoni. Kanisa lilijifunza polepole kwamba haitoshi kuondoa maombolezo ya zamani. Hatuna budi kuwapa watu maombolezo mengine yaliyo na uzito ule ule. Ibada ya mazishi isiyo na nafasi ya kulia na ya kumheshimu marehemu ni jiwe badala ya mkate.

Pili, tunajifunza kwamba upendo wa kweli unaweza kuchukua mauti ndani yake pasipo mwenye upendo kujua. Wanawake wa Kifore hawakufa kwa sababu ya dhambi waliyojua. Walikufa kwa sababu ya huruma. Yeyote anayetaka kusema kwamba kuru ilikuwa adhabu ya Mungu juu ya desturi ovu aisome tena sura ya tisa ya Injili ya Yohana, ambamo Bwana wetu anakataa swali la wanafunzi juu ya kipofu tangu kuzaliwa. Aisome pia hukumu iliyowapata rafiki za Ayubu, waliokuwa na majibu mengi kuliko machozi.

Tatu, tunarudi kwa Keysser na Gutmann. Walikuwa sahihi kuona kwamba Injili iwaite watu pamoja na vifungo vyao. Pasipo ukoo kuamua kwa pamoja, vita vya milimani visingekoma upesi namna ile. Na kibung chenyewe ni mfano wa jamii inayoamua kwa pamoja kuliacha ovu. Lakini ukoo ule ule uliokubali amani kwa sauti moja uliweza kumtuhumu mtu kwa sauti moja. Usharika ukiwa ni ukoo wenyewe uliobatizwa, nani atasimama upande wa mtuhumiwa siku ambayo ukoo wote umekubaliana? Umoja ni kipawa cha Roho. Lakini umoja wa wenye hofu ni kitu cha kuogopwa. Tunadhani ndiyo maana mwinjilisti wa pwani alikuwa na nafasi ya pekee katika kijiji cha milimani. Hakuwa na shangazi wala mkwe mahali pale, hakuwa na damu ya kudai. Kwa sababu alikuwa mgeni, aliweza kuingia katika nyumba za pande zote mbili. Kila usharika unahitaji mtu wa namna hiyo, na kama hayupo, basi mchungaji mwenyewe akubali kuwa mgeni katika kijiji alichozaliwa.

Nne, swali halijazikwa pamoja na kuru. Papua New Guinea ilipata uhuru mwaka 1975, na Makanisa ya Kilutheri yako katika sehemu nyingi za nyanda za juu. Hata hivyo tuhuma za uchawi hazikwisha. Katika sehemu kadhaa sasa zinawaangukia wanawake zaidi kuliko wanaume. Mwezi Februari 1913 haukuwa mbali zaidi na dhamiri zetu kuliko Februari 2013, wakati mwanamke kijana alipochomwa moto akiwa hai mbele ya umati katika mji wa Mount Hagen, mji wenye makanisa. Mwaka huo huo Bunge liliifuta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1971, ambayo ilimpa mwuaji nafasi ya kujitetea kwa kusema kwamba aliyemwua alikuwa mchawi. Sheria ilibadilika kwa kura ya siku moja. Moyo wa kijiji haubadiliki hivyo.

Nasi hatuna haki ya kunyoosha kidole. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulitokana na moshi wa kuni na wa samadi waliyopikia wajukuu zao kwa miaka mingi. Tofauti kati ya Okapa na vijiji vyetu ni jina la ugonjwa tu.

8. Hitimisho

Tumeona kijiji kimoja cha mbali kikiuliza swali moja kwa zaidi ya miaka 50. Waganga walijibu, wakakosea, na watu wakauawa. Wasomi walijibu, wakakosea mara mbili, na watu wakafungiwa. Jibu la kweli lilipatikana pale walipotokea watu waliokubali kuketi chini na kuwasikiliza wanawake wenyewe, na pale wazazi wenye uchungu walipotoa kilicho chao kwa ajili ya wengine.

Kwa hiyo tunawasihi ndugu zetu wachungaji na wanafunzi: neno linalosemwa usiku wa kwanza wa matanga lina uzito kuliko hotuba ya kaburini. Usiku ule majina huanza kutajwa kwa sauti ya chini. Mchungaji aliyefika mapema, akaketi na wafiwa, akasema wazi kwamba hatujui sababu ya kifo hiki na ya kwamba kutojua si ruhusa ya kumtaja jirani, amefanya kazi ambayo kesho yake haiwezi kufanyika. Na ikiwa jina limeshatajwa, basi aondoke matangani usiku ule ule, aende kulala katika nyumba ya yule aliyetajwa, ili kunapokucha kijiji kimkute huko.